Dakika ya Arobaini na Moja

Wewe uliishia dakika ya arobaini na moja na sekunde kumi na mbili. Usinikunjie uso, mashine inaandika. Kila anayefungua video kwenye seva yangu, seva inaweka alama mahali alipoachia, ili akirudi kesho aendelee pale pale, kama msomaji anayekunja kona ya ukurasa. Ni hisani tu ya mashine, haikukusudia kumuumbua mtu. Lakini nimekaa hapa dukani, mkono mmoja ndani ya plasta, nasoma alama zenu. Watu thelathini na wanne mmeifungua tangu jana asubuhi, na wote thelathini na wanne mmekimbia kabla ya dakika ya arobaini na mbili. Keki mliitazama yote. Mtoto alipopuliza mishumaa, wengine mlirudisha nyuma mkatazama tena. Mlango ulipofunguka na dada yangu akaingia anavutwa nywele, ghafla kila mtu akakumbuka ana sufuria jikoni.

Basi nitakusimulia ulichokikimbia. Macho ulifumba, sawa. Masikio hayana kope.

Mimi ni fundi wa runinga, redio na simu. Sikufundishwa na mtu. Nimefundishwa na vitu vilivyokufia mikononi mwangu, na kila kimoja kabla hakijakata roho kiliniachia siri yake. Kwa hiyo Mjomba wetu alipofariki akaacha sanduku la bati lenye kanda mia moja na sitini na tatu, mama hakujiuliza nani wa kuzirithi. Alilisukuma sanduku kwa mguu mpaka mbele yangu, bati likakwaruza sakafu nzima.

"Humu ndimo tulimo," akasema. "Tutoe. Nataka nikibonyeza, tuonekane."

Mjomba alikuwa mpiga video za harusi, mtu wa suti moja na kamera moja. Kamera yenyewe ilikuwa na ugonjwa. Kitufe cha kuanza kurekodi kilikuwa kimezama ndani, na ili kukibonyeza ulihitaji njiti ya kiberiti na dua. Kwa hiyo Mjomba akishaiwasha haizimi. Anaisimamisha kwa miguu yake mitatu kwenye kona ya chumba, anaiacha imeze kanda mpaka mwisho, yeye huyo anakwenda kula. "Kuizima rahisi," alikuwa akisema huku anatafuna. "Kuiwasha tena ndiyo ndoa ya pili."

Ndiyo maana kila kanda yake ina mkia. Sherehe inakwisha, watu wanatoka, na kamera inabaki inatazama viti. Dakika kumi za viti. Dakika ishirini za kitambaa cha meza kinapeperushwa na feni. Mara paka anapita.

Nilichukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, nikaipachika diski mbili kubwa, nikailaza chini ya runinga ya mama, na hiyo ndiyo ikawa seva: ghala la video za ukoo mzima, ukiwa na simu au runinga ndani ya ukoo unafungua na kutazama. Kazi yenyewe haina njia ya mkato. Kanda ya saa moja unaihamisha kwa saa moja, kama mtu anayemimina asali. Kwa hiyo niliziona zote. Kila moja niliipa jina langu la utaratibu, mwaka kwanza, kisha tukio, kisha nyumba ya nani, nikazipanga kwenye rafu zake: Harusi, Misiba, Siku za Kuzaliwa, na rafu moja niliyoiita Mengineyo, maana kuna watu katika ukoo wetu ambao hata kuhama nyumba walimwita mpiga video.

Mama akawa mtu mpya. Anashika rimoti kama mwenyekiti aliyeshika rungu la mkutano, anavinjari. "Huyu aliyenenepa ni nani?" "Ni wewe, mama." "Mwongo." Mashine nayo ina tabia yake. Kwa kila video inachomoa picha moja ndani ya faili, popote inapoangukia, inaibandika juu kama jalada la kitabu. Kwa shangazi iliangukia akiwa amepanua kinywa mbele ya mfupa.

"Katika saa nzima ya harusi," akalalamika, "mashine imeniona hapo tu?"

Nikambadilishia, nikamwekea anayocheza. Wakacheka. Na wote wakawa na ombi moja: kata mikia, Fundi. Nani anataka kutazama viti?

Sasa nisikilize vizuri. Mtu ukipanga maisha ya watu kwa miaka, mwaka huu juu ya mwaka ule, unaona mambo ambayo aliyeyaishi siku moja moja hayaoni. Niliona dada yangu mkubwa anavyohama. Mwaka alioolewa yupo katikati ya kila picha, anacheka kwa mabega. Mwaka wa pili yupo pembeni. Mwaka wa nne yupo nyuma ya mtu. Mwaka wa sita ni mkono tu, unaingia upande wa kushoto, unaweka sahani, unatoka. Mkono wenyewe ndani ya nguo ya mikono mirefu, katikati ya joto ambalo Mjomba kwenye kanda analalamika linamyeyushia suti.

Mume wake mnamjua. Nyote mnamwita Kocha. Ndiye anayefundisha watoto wa mtaa mpira, ndiye anayebeba jeneza upande wa mbele, ndiye anayesukuma gari lako likizimika. Kicheko chake unakisikia kabla hujaiona pua yake. Mama anamwita "mwanangu" kwa sauti ambayo mimi niliyetoka tumboni mwake sijawahi kuipata.

Kanda ya sitini na nane. Siku ya kuzaliwa ya mpwa wangu, anatimiza miaka miwili, leo ana kumi na minne na yuko bweni. Chumba ni hiki hiki cha mama. Dakika ya thelathini na nane watu wanatoka nje kupiga picha ya pamoja. Kamera inabaki. Viti. Feni. Maputo mawili.

Dakika ya arobaini na moja, mlango. Kocha anaingia kinyumenyume, ameshika nywele za dada kwa mkono aliouzungusha mara mbili, kama mtu anayekunja kamba ya ndoo. Haongei kwa hasira. Hilo ndilo usilolijua kwa kuwa ulikimbia. Anaongea kama anayemwelekeza mtoto apige pasi.

"Rudia ulichowaambia pale nje. Jana nimefungwa ngapi?"

"Nilikuwa natania, baba. Walikuwa wanacheka tu."

"Ngapi?"

"Nne."

"Nne. Haya, tuhesabu pamoja, tusije tukakosea."

Moja ni kofi, kichwa kinageuka. Mbili ni ngumi chini ya mbavu, na hewa inamtoka dada kwa sauti ya godoro linalokaliwa. Tatu ni goti, wakati ameshainama. Ya nne anamsukuma tu, hampigi hata, lakini kuna kabati la vioo la mama, lile lenye vikombe visivyonywewa, na kona yake inampokea dada chini ya jicho. Mfupa una sauti yake. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni, naitafuta sauti ya Mjomba, nikaupata mfupa.

Wiki ile dada alituambia ameteleza bafuni. Shavu lile halijarudi kuwa sawa mpaka leo, limezama kama tunda lililodondoka. Tukamwambia, pole, bafu zinateleza.

Lakini bado. Dakika ya arobaini na tatu mlango unafunguka tena, anaingia kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, shati limechomekwa. Nje wamepungukiwa viti. Anamwona shemeji yake amesimama. Anamwona dada yake chini, damu inamtiririka kwenye kanga ya bega. Kijana anachukua viti viwili vya plastiki, anapachika kimoja juu ya kingine, anainua mguu kuruka mguu wa dada, na anasema, nimeirudia mara thelathini nikitumaini nimesikia vibaya, anasema, "Samahani."

Anatoka. Kijana huyo ni mimi.

Mtaa mzima unajua kumbukumbu yangu. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikamtajia mwenyekiti ahadi ya bomba la maji, tarehe yake, na shati alilovaa akiitoa. Ndiye ninayebandika karatasi ukutani kuwakumbusha wakubwa uongo wao wa mwaka juzi. Najisifu sisahau. Na viti viwili nilikuwa nimevisahau kabisa, vimefutika kama si mikono yangu iliyovibeba. Kwa hiyo usidhani nakupigia kelele nikiwa juu ya kilima. Nakupigia kelele nikiwa ndani ya shimo, na wewe umo, umekanyaga kidole changu.

Dakika ya arobaini na nne anaingia mama. Anaokota kitambaa cha meza. Anamwambia dada, siyo Kocha, anamwambia dada, "Mwanangu, wageni wanasikia." Kocha anajifuta mkono kwa karatasi ya keki yenye vibonzo, anatoka, na nje kicheko chake kinawaka kama jenereta. Halafu zinakuja dakika kumi na tano ambazo ni mbaya kuliko nne za kwanza. Dada anainuka. Anapanga viti. Anapangusa kona ya kabati. Puto moja limeanguka, analiokota, analifunga upya mahali pake. Kanda inakwisha.

Nilimpigia simu aje kwa mama mchana, siku ambayo mama yuko kanisani na wenzake wanapanga maua. Nilimkalisha mbele ya kompyuta. Nilitaka kumwonyesha nusu tu, akanishika mkono. Aliitazama yote, mpaka puto.

"Kumbe zulia lilikuwa jekundu," akasema. "Mimi miaka yote nakumbuka la kijani."

"Dada, nisamehe."

"Vile viti?" Akanitazama, akatabasamu kwa upande ule unaotii. "Nilijua utaniomba msamaha siku moja. Ulikuwa mtoto, miguu kama njiti. Angekuvunja akachokonolea meno."

"Niifute?"

"Ole wako." Sauti ikabadilika. "Usifute. Kuna siku nitaihitaji, nikisimama mbele ya watu nikaambiwa nimeota. Itunze. Lakini iondoe huko wanakotazama wote, maana na yeye anayo hii kitu kwenye simu yake, kila jioni anajitafuta humo alivyokuwa na misuli. Akijua ipo, na akijua mimi nimeiona nikanyamaza nikala chakula naye, ataniua. Sisemi atanipiga, mdogo wangu. Kupiga nakujua. Nasema ataniua."

Nikamwahidi. Naye akasafisha kikombe alichonywea, akaondoka.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo fundi wa kweli angelifanya, mjinga asingeweza. Mjinga angeiacha ilipo, kwenye rafu ya Siku za Kuzaliwa, kati ya keki arobaini, ikiwa na jalada la mtoto anayepuliza mishumaa, na hakuna ambaye angevumilia viti mpaka dakika ya arobaini na moja. Mimi nikataka kuificha. Nikabadilisha jina la faili, nikaliita "jaribio". Nikalitoa rafuni, nikalihamishia ndani ya Mengineyo, chini kabisa, pamoja na watu wanaohama nyumba. Nikapanga siku hiyo hiyo jioni nililifungie kabisa lisionekane, kisha akaja mteja na runinga inayotoa moshi, nikaenda.

Mashine haijui kuhama. Kwa mashine, kitu kilichobadilika jina na mahali ni vitu viwili: cha zamani kimekufa, kipya kimezaliwa. Na kipya inakitangaza. Inakiweka mstari wa juu kabisa, kwenye neno Vipya, kwenye kila runinga na kila simu ya ukoo. Na kwa kuwa ni kipya inakichomolea jalada upya, popote linapoangukia.

Kesho yake, Jumapili, mchana, tumekaa kwa mama watu kumi na mmoja. Sahani zimejaa. Kocha anasimulia kisa cha mwamuzi aliyemeza filimbi, shangazi anacheka anafuta machozi. Mama akashika rimoti.

"Hebu tuone leo Fundi ametuwekea nini kipya."

Runinga ya mama ni pana kama mlango. Kikatokea pale juu, cha kwanza kushoto: dada yangu ananing'inia kwa nywele, mdomo wazi, na kofi liko hewani halijafika.

Kijiko cha binamu kikateleza kwenye sahani. Nilisubiri. Nakuapia nilisubiri mtu mmoja aseme neno moja la binadamu.

"Fundi," akasema shangazi, taratibu, "hiyo picha si nzuri. Si ulinibadilishia ile yangu? Badilisha na hiyo."

"Weka ya keki," akasema binamu.

"Ndiyo, keki," akasema mama, amekodolea meza. "Keki si ipo."

Mtu anamwona mwanawe ananing'inia, na dawa anayoijua ni keki.

"Hapana, msiibadilishe," akasema Kocha. Akafuta vidole kimoja kimoja. "Mama, nipe rimoti."

Mama akampa. Akaifungua video, akaisogeza mbele kwa haraka, keki ikapita, picha ya pamoja ikapita, mpaka mlango. Akaacha icheze. Chumba kilekile, kabati lilelile, sisi walewale, wengine tumekaa hatua mbili kutoka pale alipoangukia. Kocha alikuwa anatangaza kama redioni.

"Angalieni mguu wa kushoto hapo, nilikuwa bado na mguu. Haya, moja. Mbili, safi. Fundi huyo anaingia, mchezaji wa akiba! Anachukua viti, anatoka! Hata refa hakupiga filimbi." Akacheka. Nisikufiche kitu: binamu naye alicheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa, lakini alicheka.

Kocha akasimamisha picha. "Sasa swali dogo. Nani alishaiona hii kabla ya leo?"

"Mimi peke yangu," nikasema.

Dada alikuwa ameshika glasi ya maji. Aliiweka mezani polepole.

"Na mimi," akasema. "Niliitazama yote. Na mimi ndiye niliyemwambia aitunze."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba nasikia dada yangu anamjibu mume wake kwa sentensi nzima. Haikupewa nafasi ya pili. Kocha alimpiga na rimoti mdomoni. Ilipasuka, betri moja ikaruka ikaingia kwenye bakuli. Alipiga tena kwa kilichobaki mkononi, plastiki yenye meno, mdomo ukafunguka mpaka chini ya pua. Nilimrukia. Sijui kupigana, najua kuunganisha waya, lakini nilipata shingo yake nikaing'ang'ania, akanitupa chini kama taulo, akainama, akaichomoa seva chini ya runinga pamoja na nyaya zake zote, akaiinua juu ya kichwa. Nikaweka mkono. Bati la kompyuta za zamani ni zito, walikuwa hawabani vifaa. Mkono ulivunjika mahali pawili na nikauona unapinda pasipo na kiungo.

Na hapo ukoo ukaamka. Mikono sita, nilihesabu, mikono sita ikashika mtu. Ilinishika mimi. "Tulia, Fundi! Tulia, utaharibu mambo!" Binamu amenikalia miguu, shangazi amenibana bega zima, ananiombea kwa sauti. Mtu mwenye mkono uliovunjika alizuiwa vizuri sana siku ile. Kocha akamshika dada nyuma ya shingo, kama mtu anayenyanyua paka, damu inadondoka mstari mpaka mlangoni, na mlangoni akageuka.

"Mama, asante kwa chakula. Kilikuwa kitamu."

Na mama, mama yangu mzazi, mdomo ukamtoka kwa mazoea ya miaka: "Nendeni salama."

Nilimwambia baadaye, hospitali, wakati wananifunga plasta. Nikamwuliza, umesikia ulichokisema? Alilia. Akasema, "Nilikuwa sijui nianze wapi." Hilo ni kweli, na ndilo jibu la kila mtu, na kwa jibu hilo wanawake wanazikwa.

Siku mbili simu ya dada iliita tu. Jana asubuhi ukaja ujumbe mmoja, herufi ndogo, bila salamu: "weka. yote. watu wote." Kisha simu ikazimwa. Haijawaka tena.

Seva ya mama ilivunjika, lakini fundi asiyekuwa na nakala si fundi. Hapa dukani nilikuwa na diski ya akiba. Nikaiwasha kwa mkono mmoja, nikapiga skrubu kwa meno. Faili lile nikalirudishia jina lake, mwaka, tukio, nyumba ya mama. Safari hii jalada sikuiachia mashine ichague, nililichagua mwenyewe, ni lile lile. Nikatuma kiungo cha video kwa ukoo, kwa majirani, kwa wazazi wa watoto anaowafundisha, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwako.

Nilikwenda kituoni pia, usiseme sikwenda. Askari alikuwa muungwana, alinipa hata kiti. Alitazama mpaka mlango ukafunguka, akaisimamisha.

"Hii ya lini?"

"Miaka kumi na miwili."

"Ah. Mzee, hii imeshachacha. Na aliyepigwa yuko wapi? Aje mwenyewe aandikishe."

"Amefungiwa ndani na aliyempiga. Ya Jumapili ina siku tatu tu, mkono wangu huu hapa."

"Sawa. Basi akitoka, aje."

Nikamwomba arudie, nikihisi labda anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ananielekeza utaratibu. Na mwenyekiti, yule wa bomba la maji, amenijibu kwa simu kwamba mambo ya chumbani yana wenyewe, na kwamba timu ina mechi Jumamosi, tusiwavuruge watoto.

Sasa ni saa nane mchana, Jumatano. Dakika chache zilizopita amenipigia fundi cherehani anayeishi ukuta mmoja na nyumba ya Kocha. Ananong'ona, amejifungia chooni kwake. Anasema tangu asubuhi anasikia kabati linaburutwa kuzibia mlango kwa ndani. Anasema dada aliita jina la mama mara tatu, si kwa kelele, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili, kisha akaacha kuita. Anasema Kocha yumo, anafungulia redio, anapunguza, anafungulia. Nikamwambia, gonga. Akasema, "Fundi, mimi ni mtu mmoja, nina watoto." Nikamwambia wote ni mtu mmoja mmoja, thelathini na wanne, kila mmoja amejifungia chooni kwake.

Usinitumie ujumbe wa pole. Usiniambie utaniombea. Usiende kuimalizia video, dada hayumo kwenye video, yumo ndani ya nyumba ile na anapumua, au mpaka sentensi hii alikuwa anapumua. Kocha ana nguvu za kumpiga mtu mmoja, na wawili, na mimi ni ushahidi. Hajawahi kufunguliwa mlango na watu kumi na wawili. Hakuna ajuaye atafanya nini mbele ya watu kumi na wawili, kwa sababu mtaa huu tangu uanze haujawahi kumletea.

Nimeshafunga duka. Mama yuko nami, amekuja na mchi wa kinu, nimemwambia hatutauhitaji, amekataa kuuacha. Sisi ni wawili. Wanahitajika kumi. Unaishi karibu, najua unapoishi, nilikutengenezea redio. Vaa viatu. Mgongee na jirani yako, usimweleze kwa kirefu, mwambie tu njoo. Geti la buluu, mkono wa kushoto ukishapita mashine ya kusaga, mlango wa nyuma ni mbao, bawaba zake zimeoza, watu wawili wakisukuma kwa bega unatoka.

Weka simu chini. Inuka. Toka sasa.